Nafuu kwa Nani?

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna neno moja linalofanya kazi mbili. Neno hilo ni nafuu. Mgonjwa akianza kupona tunasema amepata nafuu. Kitu kikiuzwa kwa bei ndogo tunasema bei yake ni nafuu. Neno ni lilelile, lakini aghalabu watu wanaohusika ni wawili. Mmoja anapata nafuu ya bei. Mwenzake anatafuta nafuu ya shida iliyomfika. Ndugu msomaji, nakuomba ulishike neno hili mkononi tunapotembea pamoja katika kurasa hizi chache, maana ndilo lililonifanya niandike.

Tangu nistaafu ukuu wa shule, vijana wengi hunijia nyumbani kuomba ushauri. Wengi ni walimu, manesi, waendesha bodaboda waliojiwekea akiba, na wafanyabiashara wadogo wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro. Wamepata mkopo wa SACCOS, au wameuza kahawa vizuri, nao wanataka kununua kiwanja, kibanja, au nyumba ya kupangisha. Wao husema wanataka kuwekeza. Zamani neno hilo tulilisikia redioni likihusu viwanda na migodi. Leo limefika hadi vitongojini, nami sioni ubaya. Bei ya kahawa ya robusta ilipopanda sana duniani mwaka 2024, thamani ya kibanja chenye mibuni nayo ikaonekana machoni pa watu ambao jana walikuwa wanakipita bila kukitazama.

Swali lao la kwanza huwa: "Mzee, ninunue wapi?" La pili: "Ninunue kwa bei gani?" Haya ni maswali mazuri, lakini kuna swali jingine ambalo karibu wote hulisahau, nalo ndilo ninalotaka kulijadili. Je, mtu akiuza kwa hiari yake, na mwingine akanunua kwa hiari yake, bei waliyopatana ni ya haki siku zote? Au inawezekana pande zote mbili zikatia sahihi, mashahidi wakatia sahihi, na bado kukawa na mtu aliyeonewa?

Kizazi changu hakikulikuta swali hili vitabuni tu. Babu zetu hapa Karagwe na kule Buhaya waliujua unyarubanja, ambapo mtu alilima kibanja ambacho mwenyewe ni mwingine, akalipa kwa mazao na kwa jasho, na mwenye ardhi akawa na sauti juu ya maisha yake. Utaratibu huo ulikomeshwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikatunga sheria ya kutwaa majumba, na nyumba za kupangisha zenye thamani iliyozidi Sh 100,000 zikachukuliwa. Baadaye, mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya uongozi yakalegezwa, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba kama mtu mwingine yeyote.

Kuna wanaolicheka Azimio, na kuna wanaolililia. Mimi nasema liliuliza swali halali: fedha hii inayotoka kwa mpangaji inanifikia kwa njia gani? Lakini naona jibu lake liliuweka ubaya mahali pasipo pake. Ubaya haumo katika kuwa na nyumba ya pili. Mjane wa Nkwenda anayepangisha vyumba viwili ili asomeshe wajukuu si mnyonyaji, na mwalimu mgeni anayehitaji chumba humshukuru. Ubaya, ukiwapo, umo katika jinsi mali ilivyopatikana na jinsi inavyotunzwa. Kwa hiyo hatuna budi kuitazama njia yenyewe.

Tuanze na yale ambayo mnunuzi mwenye busara huyakagua, maana sitaki mtu adhani kwamba wema ni ujinga wa hesabu. Ukienda kukitazama kibanja, nenda kwa miguu, tena nenda mara mbili: mara moja wakati wa kiangazi ujue maji yanapatikana wapi, na mara moja baada ya mvua kubwa ujue maji yanapita wapi. Tazama migomba. Mnyauko umetuharibia mashamba mengi mkoani Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, na jani linaloanza kunjano katikati ya shamba lina habari zaidi kuliko dalali. Zunguka mipaka pamoja na majirani wote, si mmoja, na uione milamula kwa macho yako. Mlamula ulipandwa ili watu wasigombane. Ukikuta uliong'olewa karibuni, uliza ni nani aliyeung'oa. Uliza makaburi yako wapi. Uliza njia ya kwenda kisimani ni ya nani.

Kama ni nyumba, tazama msingi na kuta kabla hujatazama rangi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitufundisha jambo hilo; liliangusha nyumba nyingi Bukoba na Missenyi, na Karagwe na Kyerwa pia zilipata madhara. Halafu fanya hesabu ya mwalimu wa darasa la tano. Tuseme nyumba ina vyumba 4, na kila chumba kinapangishwa kwa Sh 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 1,440,000. Toa miezi miwili ambayo vyumba vitakuwa vitupu, inabaki Sh 1,200,000. Toa Sh 200,000 za bati, mlango na choo, inabaki Sh 1,000,000. Ikiwa nyumba inauzwa kwa Sh 15,000,000, basi fedha yako itarudi baada ya miaka 15. Dalali atakwambia miaka 10, kwa sababu dalali hajui kutoa, anajua kuzidisha tu.

Wala usitegemee barabara iliyoahidiwa. Lami ilipofika kutoka Kyaka hadi Bugene katika miaka ya 2010, waliofaidika ni wale ambao viwanja vyao vilikuwa na maana hata kabla ya lami. Aliyenunua ahadi peke yake alikaa na ahadi yake.

Haya yote ni mambo ya akili, na kijana yeyote anaweza kuyajifunza kwa wiki moja. Sasa nakuja kwenye lile swali lililosahauliwa. Kabla hujauliza udongo una rutuba gani, uliza hivi: huyu mtu anauza kwa nini?

Ziko sababu nyingi njema. Mtu anahamia Mwanza kwa watoto wake. Mwingine ana vibanja vitatu na nguvu za kimoja. Mwingine anauza kiwanja ili anunue mashine ya kukoboa. Huyo ana muda. Ukimpa bei ndogo atakutazama, atacheka, na kukuaga. Mpatane kadiri mwezavyo. Mtu mwenye uwezo wa kusema hapana, ndiyo yake ni ndiyo kweli.

Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa bei nafuu haitoki kwa watu hao. Inatoka kwa mtu ambaye mkewe yuko wodini na daktari ametaja kiasi cha fedha na siku. Inatoka kwa baba ambaye mwanawe amechaguliwa na shule inafungua Jumatatu. Katika mkoa wetu, ambako ukimwi uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, tuliona miaka mingi ambapo kibanja cha marehemu kiliuzwa na mlezi wakati yatima hawajafikia hata kimo cha jembe. Bei ilikuwa nafuu sana. Nafuu kwa nani?

Hapa kwetu kuna jambo tunalolilaani wote, nalo ni butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na siku ya mavuno mnunuzi huja na magunia yake. Viongozi wameikataza butura kwa miaka mingi. Vyama vya ushirika vinaipinga. Mapadri, wachungaji na mashehe wanaisema. Hakuna mtu wa Karagwe au Kyerwa anayejisifu mbele za watu kwamba yeye ni mnunuzi wa butura. Lakini mtu yuleyule akinunua si maua ya mbuni bali mbuni wenyewe, na ardhi iliyouotesha, na nyumba iliyo kando yake, kwa nusu ya thamani, kwa sababu ya shida ileile, tunamwita mjanja, na vijana wanamwomba awafundishe. Butura humnyang'anya mkulima msimu mmoja. Hii humnyang'anya misimu yote. Kama ile ndogo ni mbaya, hii kubwa imekuwaje nzuri?

Wapo watakaonijibu kwa methali: kufa kufaana. Methali hiyo naijua, na ni ya kweli kama maelezo ya dunia ilivyo. Lakini methali inayoeleza jinsi watu wanavyotenda si amri ya kutuambia tutende vivyo hivyo. Tena, hata kama hesabu ya fedha tu, faida itokanayo na msiba wa wengine haina mizizi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu, na mashirika ya misaada yakaja na magari yao. Wenye nyumba katika miji yetu midogo wakapandisha kodi ya pango. Walimu niliokuwa nikiwaongoza walipewa notisi ili vyumba vyao vipate wapangaji wa bei mpya. Wengine walihamia vijijini na kutembea saa nzima kuja shuleni. Watu wakakopa, wakaongeza vyumba uani. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, mashirika yakafunga virago, na vyumba vile vikabaki na buibui. Mwenye nyumba aliyemvumilia mwalimu wake alikuwa bado na mpangaji.

Hata hivyo, ipo hoja moja nzito zaidi ya hiyo methali, na sitaki kuikwepa. Niliisikia kutoka kwa mwalimu mmoja kijana niliyemfundisha darasa la sita. Alikuja kwangu jioni, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," na nilipoitikia alikaa kimya kwa muda. Alikuwa na Sh 5,000,000 za mkopo. Mtu mmoja wa upande wa Nkwenda alikuwa anauza kibanja kando ya barabara, chenye migomba, mibuni na nyumba ndogo. Majirani walikubaliana kwamba thamani yake ni Sh 10,000,000. Mwenyewe alitaka Sh 5,000,000 tu, lakini azipate kabla ya wiki kwisha, maana mkewe alikuwa anasubiri upasuaji.

Nikamwuliza kama anaona ni haki. Akanijibu maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, nikikataa kwa ajili ya dhamiri, yule mama hapati matibabu. Atakuja tajiri mwingine ampe milioni nne. Dhamiri yangu itakuwa safi, na yeye atakuwa amekufa. Je, huo ndio wema?"

Msomaji wangu, usilipite swali hili haraka. Mtu anayejitenga ili mikono yake isichafuke si lazima awe amemsaidia mwenye shida. Wakati mwingine amejisaidia mwenyewe tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Na mgeni asipokuja, mwenyeji haponi. Kijana alikuwa na haki kusema kwamba fedha yake ilikuwa dawa. Lakini dawa nayo ina bei yake, na kumuuzia mgonjwa dawa kwa shamba zima ni jambo jingine.

Tulichukua karatasi. Nikamwambia asahau kwamba yeye ni mnunuzi, atazame hesabu kana kwamba iko ubaoni. Mwenye kibanja anahitaji nini? Milioni tano. Kibanja kizima kina thamani gani? Milioni kumi. Basi milioni tano ni thamani ya nini? Akatazama karatasi, kisha akasema polepole, "Ni thamani ya nusu."

Ndiyo hiyo. Nunua nusu ya kibanja kwa bei kamili. Usinunue kibanja kizima kwa nusu ya bei. Mwenye shida anapata fedha ileile, siku ileile. Mnunuzi anapata mali yenye thamani sawasawa na fedha aliyotoa, hakuibiwa hata senti. Kinachokosekana ni ile milioni tano ya ziada tu, na hiyo haikuwa halali ya mnunuzi hata siku moja. Ilikuwa bei ya woga wa mtu mwingine.

Nusu iliyouzwa ilikuwa ile ya barabarani. Nyumba, makaburi na migomba ya nyuma ilibaki kwa mwenyewe. Mashahidi walikuwa majirani wa pande zote nne, na serikali ya kijiji ikaidhinisha. Upasuaji ulifanyika kwa wakati. Mama yule hakupona. Alizikwa katika ile nusu iliyobaki, chini ya migomba yake mwenyewe, na watoto wake wanalima hapo mpaka leo. Mwalimu kijana alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, kwa kuwa sasa alikuwa jirani. Mara nyingi nimejiuliza angesimama wapi siku ile kama mahali pa kuchimba pangekuwa ndani ya mali yake.

Utaniuliza: je, mali isiyogawanyika, kama nyumba moja ya matofali au kiwanja kidogo cha mjini? Hapo mila zetu zina jibu la kale, nalo ni haki ya kukomboa. Katika desturi za Kagera, ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni, mwanaukoo aliweza kuirudisha kwa kumlipa mnunuzi fedha aliyotoa. Desturi hiyo ilikuwa na ila yake: ilimfungia mwanamke mlango wa kuuza hata alichorithi. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya, Bi Holaria Pastory, aliuza kwa Sh 300,000 ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, na jamaa yake akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini hakuiua haki ya kukomboa: mwanaukoo aliyeitaka ardhi ile aliweza kuipata, ila kwa kurudisha fedha yote ya mnunuzi. Naona hukumu hiyo ilichuja desturi kama mtu achujavyo pombe, ikatupa machicha na kubakiza kinywaji. Hata torati ya kale, katika Mambo ya Walawi sura ya 25, ilimruhusu maskini aliyeuza shamba akombolewe na ndugu yake.

Basi unaponunua nyumba ya mtu aliyebanwa, iandike haki hiyo katika hati ya mauziano. Mpe mwaka mmoja au miwili ambapo akirudisha fedha yako, pamoja na gharama ya ulichoongeza, anachukua nyumba yake. Wengi hawataweza kurudisha. Lakini mtu aliyepewa mlango wa kurudi hauzi kwa machozi yaleyale. Na wewe, kama mpango huo unakukera, jiulize ni nini hasa ulichokuwa unatarajia kununua.

Kuna tahadhari nyingine. Si kila anayedai shida ana shida. Yuko anayeuza ili akanywe, na mkewe hana habari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji sauti katika mauziano ya ardhi ya kijiji. Vijana huziona taratibu hizi kuwa usumbufu, na madalali huwafundisha njia ya mkato. Mimi naziona kuwa njia ambayo jamii imewapa watu wasiokuwapo mezani nafasi ya kusema: mke, watoto, majirani, na hata wale waliolala chini ya migomba. Mnunuzi anayekutana na mke wa muuzaji kabla ya kutoa fedha, akamwuliza ana kwa ana kama ameridhika, amejikinga na kesi, na pia amefanya jambo la kiutu. Mambo hayo mawili mara nyingi hutembea njia moja.

Najua kuna watakaosema kwamba kwa kanuni hizi mtu hatatajirika. Atatajirika polepole. Ardhi yetu ni ya milima yenye rutuba, watu wanaongezeka, na miji yetu inakua. Aliyenunua kwa bei ya haki mahali pazuri hana sababu ya kuogopa. Asichokipata ni ile faida ya ghafla ambayo mtu huipata siku moja na kuilinda kwa ua mrefu na mbwa mkali maisha yake yote. Mali ya ardhi haifichwi benki. Utaipita kila siku, na watoto wa aliyekuuzia wataipita pia wakienda shule. Watakua. Siku moja watakuwa na akili ya kuuliza baba yao alilipwa kiasi gani.

Kwa hiyo, kijana unayeanza, kagua maji, kagua udongo, kagua mipaka, fanya hesabu ya kutoa na si ya kuzidisha tu. Kisha, ukiambiwa kwamba bei ni nafuu, usione haya kuuliza: nafuu kwa nani? Kama jibu ni kwako na kwa anayeuza, nunua, na Mungu akubariki. Kama jibu ni kwako peke yako, pima upya, mpaka uone ni kiasi gani cha mali ile ambacho fedha yako inastahili. Chukua hicho, na kilichobaki umwachie mwenyewe.